Ndiwa ya Saa Sita

Kompyuta haikukosea, na hilo ndilo lililomkera Zuhura, mchora ramani. Droni ilirushwa saa sita mchana, kama wachora ramani wanavyopenda, maana saa hiyo vivuli ni vifupi na picha hutoka safi. Ilipofika kwenye mteremko ulio chini ya msitu wa Magamba ikapiga picha ya beseni kubwa la tope, na kompyuta ikalipaka rangi ya kahawia: ardhi tupu, isiyo na matumizi.

Isiyo na matumizi! Pale palikuwa na ndiwa, bwawa lililochimbwa kwa majembe tangu enzi za mababu. Usiku linajaa maji ya kijito, asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanateremka mashambani, na ikifika saa sita limebaki tope. Kabichi na karoti za mama yake mzazi, Bi Salama, zilikuwa zinaishi kwa maji hayo. Na ramani ilikuwa inakwenda kwa mteja anayetafuta mahali patupu pa kujenga hoteli.

Zuhura alibofya mara moja tu, kahawia ikawa bluu. Raha ilioje! Lakini raha yenyewe haikumaliza hata kikombe cha chai. Mwaka uliopita ni yeye aliyemripoti mwenzake Jafari kwa kusogeza kwenye ramani mpaka wa shamba la mkwewe, na Jafari akafukuzwa kazi huku analia. Ndiwa ilikuwa ya kweli, sawa, lakini nani angemwamini mtu anayepaka rangi maji ya mama yake? Akairudisha kahawia, akaenda kwa bosi.

Mzee Anselm alimsikiliza huku akifuta miwani. "Umefanya vizuri kusema. Basi sehemu hiyo si yako tena. Brian ataenda kuhakiki."

"Naomba aende alfajiri, mzee, kabla hawajafungua maji."

"Ataenda kesho alfajiri. Na wewe huko kwenu usimwambie mtu ramani ni ya nani wala ya nini. Hati ya kutunza siri ya mteja uliisaini."

Zuhura akatoka kifua mbele. Kuna watu wakishatenda haki hudhani kazi imekwisha, na mchana ule alikuwa mmoja wao.

Jioni alipanda kwao. Mama yake alikuwa jikoni anamenya viazi, anacheka peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenyekiti wa kijiji kapigiwa simu na mwenzako mmoja wa kazini, sijui Brian. Eti anakuja kesho kutazama ndiwa. Mwache aje! Kizibo tumekiacha wazi. Atakuta tope, ataandika hapana kitu, atarudi zake."

"Mama, kwa nini?"

"Wewe hujui? Wapimaji wakishaona maji, wanakuja na vibali na tozo, halafu tunaambiwa tusilime karibu na chanzo. Ramani isipotuona, tunalima kwa amani."

"Fungeni, mama. Nakuomba, kifungeni hicho kizibo sasa hivi."

"Sababu?"

Zuhura aliikumbuka saini yake, akamkumbuka Jafari na machozi yake. Alijichukia kwa kusita, na akajua kwamba angejichukia vilevile kwa kusema. Mama yake alimtazama, kisu kimesimama juu ya kiazi.

"Kuna watu wanatafuta mahali patupu pa kujenga hoteli," akasema mwishowe. "Pakiandikwa patupu, watapaomba pale."

"Ulijua lini?"

"Kabla ya leo."

"Ukakaa kimya?"

"Nilisaini, mama."

"Ulisaini maji yetu?"

Mama yake akajifunga kitenge, akatoka akipita nyumba kwa nyumba, akiita majirani kwa Kishambaa kwa sauti ambayo bintiye hakuwa ameisikia tangu msiba wa baba.

Kizibo kilifungwa, ila kijito cha kiangazi hakina haraka na shida ya mtu. Kulipopambazuka maji yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu tu. Brian alipowasili, kijana wa Dar aliyevaa makoti mawili na bado anatetemeka, aliwakuta wakulima wamejipanga ukingoni, na Zuhura nyuma yao, mahali ambapo hakutakiwa kuwapo.

"Hapa pana nini?" Brian akauliza.

"Ndiwa," akajibu Bi Salama.

"Mbona haijajaa?"

Watu wakatazama chini. Hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa swali rahisi kiasi hicho.

"Tuliyamwaga maji usiyaone," mama akasema.

Brian akacheka, kisha alipoona hakuna anayecheka naye akaacha. Akapiga picha kizibo, akapiga picha kuta za udongo zilizoshindiliwa, akaufuata mfereji hadi kwenye kabichi na kurudi. Alikuwa mtu makini, na mtu makini huwa ana swali jingine.

"Sasa nani aliwaambia msiyamwage tena?"

Bi Salama alishafungua kinywa, na Zuhura aliujua uso ule: mama yake alikuwa anamtungia uongo wa kumwokoa. Akapenya katikati ya watu, akasimama mbele.

"Mimi. Nimetoa siri ya mteja," akasema. "Andika na hilo, Brian."