Sidii Moja Iliyobaki

Mama Limbu alidai aliiona kwa macho yake mawili. Alikuwa anarudi kutoka msibani, huko Nkasi, na gari lilipofika karibu na kijiji cha wakwe zake Zita likapata pancha. Abiria wakashuka kujinyoosha. Ndipo, kwa maelezo yake, akaona shamba la ulezi la Mama Epifania, mama mkwe wa Zita, limezungushiwa kamba, na kwenye kamba zimetundikwa sidii, zinazunguka kwa upepo na kumulika jua, ndege hawasogei. Na moja ilikuwa na picha.

"Shela yako niliiona, mama Jane, na suti ya marehemu," alisema. "Harusi yenu inafukuza ndege."

Pale sokoni Majengo, mjini Sumbawanga, kila mtu alijua kwamba maneno ya Mama Limbu unayapokea ukishayapunguza chumvi. Ndiye aliyewahi kutangaza kwamba mwenye mashine ya kusaga amefariki, na mwenyewe akapita jioni ile ile kununua nyanya. Zita alilijua hilo. Lakini siku hiyo chumvi hakuipunguza. Mteja alikuwa amesimama anasubiri samaki wake, migebuka, na Zita akaifunga kwenye gazeti, akaifungua, akaifunga tena, mpaka mteja akamuuliza kama anaumwa.

Sidii ile ndiyo ilikuwa mahali pekee palipobaki ambapo Alphonce, marehemu mumewe, anaongea.

Walipooana, mpiga video wao, Tadei, aliwauliza kama wanataka kazi yao kwenye sidii au awatumie kwenye simu. Alphonce akacheka. Alikuwa mtu wa maboti ya ziwani, anapakia mizigo Kasanga kwenda Zambia na Kongo, ana simu ya kioo kipana na anaipenda kama mtoto. Akasema deki ni mambo ya wazee, siku hizi nani ana deki, tutumie kwenye simu, mshikaji. Mama yake ndiye aliyekataa. Yeye alitaka kitu cha kushika, na Tadei akamtengenezea sidii moja yenye picha ya maharusi juu yake. Zita alikuwa upande wa mumewe, na alimcheka mama mkwe wake kidogo, chinichini.

Tadei akatuma linki. Jioni walikuwa wanaifungua, wanaangalia kipande, kifurushi cha intaneti kikiisha wanaacha. Si ipo tu, walisema, haiendi popote. Kuipakua yote ikae ndani ya simu waliahirisha mpaka watakapopata kifurushi kikubwa. Hawakujua kwamba kukiona kitu kwenye simu na kuwa nacho ni mambo mawili.

Halafu ziwa likachafuka karibu na Kabwe, boti likapinduka. Alphonce walimpata. Simu hawakuipata. Mtoto wao Jane alikuwa bado ananyonya.

Matanga yalipoanuliwa Zita alikwenda kwa Tadei, amfungulie tena ile linki. Tadei akabonyeza, akabonyeza, kisha akavua kofia. Kule mtandaoni alikokuwa anahifadhi kazi za zamani alishaacha kulipia, wakafuta. Na kompyuta yake ya wakati ule ilikufa na kila kilichokuwemo.

"Nikudanganye nini, dada," alisema. "Iliyobaki ni ile ya mama mkwe wako. Ilete hata kama ina mikwaruzo, nitaihamisha maadamu inasomeka. Ila usichelewe."

Zita alichelewa. Kwenda kwa mama aliyefiwa na kumwomba kitu cha mwanawe, unaanzaje? Kila akipanga safari anaiona aibu mbele ya mlango. Lakini Jane naye alikuwa anakua, anaanza kuuliza, na juzi redio ya jirani iliposoma habari alikimbia ndani kumuuliza mama yake kama huyo ndiye baba. Zita alimwambia hapana. Mtoto akauliza, sasa baba anaongeaje? Zita akafungua mdomo ajaribu kuigiza ile sauti, na hakuipata. Ilikuwa imemtoka kichwani. Alilala nalo hilo, akaamka nalo, na kabla halijapoa akaja Mama Limbu na habari zake za kamba.

Asubuhi iliyofuata akampandisha Jane kwenye gari.

Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda shambani, moja kwa moja, mtoto mgongoni, baridi inauma masikio. Kamba zilikuwepo kweli na sidii zilikuwepo. Akaanza upande wa barabarani, anashika moja anageuza, anaachia, anashika nyingine. Kwaya. Filamu za ngumi. Kwaya tena. Nyingine jua lilishazila rangi zikabaki nyeupe, na hizo alizigeuza mara mbili mbili akitafuta hata kivuli cha shela. Alipofika mwisho wa kamba alirudia kutoka mwanzo.

"Umekuja kunikagua?"

Mama Epifania alikuwa amesimama nyuma yake na jembe. Zita akapiga goti, akamwamkia shikamoo, na yule mama akaitikia marahaba bila kumtazama, macho yake yako kwa mtoto. Akamtoa Jane mgongoni kwa mama yake na kumnusa shingoni. Zita alipomweleza alichoambiwa, akasema kwamba hizo za kwenye kamba aliziokota kwenye kibanda cha video kilichofungwa, na kwamba mtu aliyemwambia Zita kwamba mwanawe anatundikwa shambani akapimwe akili.

Ya harusi ilikuwa ndani, kwenye kopo la biskuti, imefungwa kwa kitambaa cha altare alichoshona mwenyewe. Zita alipoiona alicheka kwa furaha. Furaha hiyo haikufika jioni.

Betri la sola lilikuwa limezeeka, kwa hiyo deki liliwaka jua likiwepo tu. Mchana ule, kwa heshima ya mjukuu, Mama Epifania aliiweka. Deki lilikoroma kama linatafuna mchanga. Picha ikaja: kanisa, shangazi wanacheza, keki. Jane alikaa mapajani kwa bibi yake. Ndipo Alphonce akasimama, akapewa kipaza sauti, akakohoa.

"Ndugu zangu, mimi si mtu wa maneno mengi..." alisema, na uso wake ukakatika vipande vya mraba. Mdomo ulibaki wazi. Sauti ikawa kitu cha bati, kinajirudia, halafu hakuna.

"Hapa anawashukuru wajomba," alisema Mama Epifania, macho kwenye kioo. "Sasa anataja jina lako. Sasa anasema mkimwona ameoa, mkumbuke kabla ya mke alikuwa na mama." Alikuwa anaijua yote, na aliisema yote, kwa sauti yake mwenyewe. Jane akamtazama bibi, akatazama televisheni, akamtazama tena bibi.

Zita aliuliza polepole kama ilikuwa hivyo tangu zamani. Mama Epifania akasema hapana, wakati wa kulima ilikuwa inamaliza vizuri. Baadaye ikaanza kuruka kwenye keki, halafu ikaacha keki ikahamia hapa. Anaiweka kila siku yenye jua. Akaitoa, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la kanga, anazungusha na kuzungusha, na pindo lile lilikuwa na vumbi la unga wa ulezi. Zita aliiona mikwaruzo kwenye mwanga wa dirisha, duara ndani ya duara. Kila mchana mama huyu alikuwa anamwita mwanawe, na kila akimwita anamfuta.

Jioni walipokuwa wanachambua maharage alimweleza habari za Tadei: kompyuta, kuhamisha, kuweka kwenye flashi, kutengeneza hata sidii nyingine mpya. Alisema yote vizuri, alikuwa ameyapanga njiani. Mama Epifania alisikiliza mpaka mwisho.

"Picha ya mwanangu ya kipaimara shemeji yako alikwenda nayo kuikuza," alisema. "Umeiona?"

Zita akasema hajaiona.

"Na hiyo yenu ya kwenye simu ilihifadhiwa na huyo huyo Tadei. Iko wapi?"

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye sufuria.

Kesho yake asubuhi Mama Epifania alikwenda shambani, akawaacha. Zita alitazama kopo la biskuti muda mrefu. Kisha akalifungua, akaitoa sidii na kitambaa chake, akaipenyeza kwenye begi katikati ya nguo za Jane. Gari la kwenda Sumbawanga lilikuwa halijapita. Akavaa viatu. Akafika mpaka mlangoni na begi. Hapo akakiona kiti kimoja mbele ya televisheni, mguu wake umefungwa kamba, na sakafu ya udongo chini yake imechimbika pale visigino vinapokaa. Akawaza saa ya jua kali, mtu anakaa pale, anafungua kopo, analikuta tupu. Akalisikia gari linapanda mlima, linapita, linakwenda. Akairudisha.

Mchana mawingu yalifunguka. Mama Epifania akanawa mikono, akafungua kopo, akachomeka nyaya. Alisema jana deki lilikuwa na baridi, leo huenda ikavuka. Akaifuta tena kwa kanga. Jane alishajipanga mbele, anangoja, na akauliza kama leo baba atamaliza.

Zita akapiga magoti kati ya mkwe wake na deki. Hakupanga.

"Mama, nakuomba usiirudishe humu," alisema. "Leo tu. Kesho twende wote mjini. Uishike mwenyewe njia nzima, mimi nisiiguse. Uingie nayo kwa Tadei, usimame hapo hapo, itoke kwenye mkono wako irudi kwenye mkono wako. Mtoto hajamsikia, mama. Na mimi nimeshamsahau anavyoongea."

Trei ya deki ilikuwa wazi. Mama Epifania alikuwa ameipachika sidii kwenye kidole chake, imesimama, maharusi wanatazama ukutani. Aligeuka mlangoni, akapima jua lililobaki uani kama litatosha mpaka hotuba.

"Mama," alisema Zita.

Mama Epifania akashika pindo la kanga, akaendelea kufuta.