Kigari Kilichopimwa kwa Futi

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kununua kitu kwa macho. Alifika yadi ya magari na futi yake ya kushonea shingoni, akakizunguka kigari kimoja cheupe akikipima kama anampima bibi harusi. Dalali akabaki mdomo wazi.

"Dada, hili gari, si gauni!"

"Mwili ni mwili," akajibu, akaendelea.

Kasoro hazikukosekana, nani atadanganya? Buti lilimeza begi moja likashiba. Milango myepesi, ukiifunga inalia kama sufuria. Kwenye kimlima injini ililalamika mpaka unaona haya kukaa ndani. Lakini jamani, mafuta kilikuwa kinalamba tu, uchochoro wa kwao kingeupita bila kugusa ukuta, na bei aliimudu. Akashika usukani, akafumba macho. Tayari mama yake yuko pembeni, wanakwenda kwa mama mdogo, upepo unaingia, barabara haina mwisho. Mama hakuwa ametoka nyumbani tangu goti lilipokakamaa, na kigari kilitafutwa kwa ajili yake tu.

Akakinunua.

Kumbe! Vipimo vya mama alikuwa navyo vyote, kiuno, mabega, urefu, lakini fundi nguo humpima mtu akiwa amesimama. Mama alipokalishwa kiti cha mbele, ule mguu usiokunjika ulibaki nje. Wakasogeza kiti, wapi! Fundi akakaa chini palepale vumbini, akalia. Kupima watu ndiyo kazi yake, na aliyekosea kumpima ni mama yake mzazi.

"Wewe nawe, kulia kutarefusha gari?" mama akamkemea. "Nifungulie nyuma."

Akaingia kinyumenyume, akaegemea mto mlangoni, mguu akaulaza juu ya kiti kizima. Wakaondoka polepole kwenda kwa mama mdogo. Mtaa ukaanza kuelea: nguo zilizoanikwa, kinyozi na kiti chake, watoto wakikimbia bila sauti nyuma ya kioo. Fundi alihisi kama bado amefumba macho kule yadi, ila moyo ulikuwa unamuuma.

"Mama, nisamehe. Kesho nakirudisha, nitafute kikubwa."

Mama hakumgeukia.

"Mwanangu, mwaka mzima nimetazama dirisha moja na ukuta uleule. Hebu nyamaza, niangalie hili linalotembea."

Walipofika kona ya kwa mama mdogo, fundi hakukata. Akanyoosha mbele.