Radhi za Dada

Ofisini walimwita Daktari, na kwao pia, ingawa huko mjomba mmoja hakuchoka kumwonyesha goti lake bovu. Udaktari wake ulikuwa wa vitabu. Alichunguza kwa nini vijana wanaacha shule na kazi na kwenda porini kuua watu kwa jina la Mungu. Kwa miaka mingi alikaa kwenye sebule za mama zao, kinasa sauti mezani, akiuliza bila kupandisha wala kushusha sauti. Wenzake walisema ana roho ngumu. Yeye alisema ana kazi.

Asubuhi hiyo alikuwa na msaidizi wake, binti makini, wakipanga mahojiano kwa mada. Binti alikuwa ameweka fungu kubwa chini ya neno "majuto".

"Hawa wote waliomba msamaha kabla ya kuondoka," alieleza. "Wengi kwa simu."

Daktari alisikiliza rekodi ya mama mmoja, kisha ya mwingine.

"Siyo msamaha," akasema. "Sikiliza vizuri. Wanasema radhi. Kijana hajuti, anaaga. Huko wamemwambia kwamba anayekufa huku mzazi ana kinyongo naye, amekufa bure. Kwa hiyo haondoki mpaka aachiwe kwa moyo mweupe."

"Na mzazi akikataa?"

"Wapo wachache waliokataa. Vijana wao wapo nyumbani mpaka leo."

Aliyasema kwa ukavu wake wa kila siku, akanyoosha mkono achukue kalamu, akachukua simu.

Jana yake jioni Kitinda alikuwa amempigia. Huyo ni mdogo wake wa mwisho, ambaye wazazi walipofariki alimlea yeye, kwa kiboko na kwa kubembeleza. Walikuwa wamenuniana tangu Daktari aliposema kwamba mhubiri mpya wa kijana huyo ni tapeli. "Dada, naomba radhi," alisema Kitinda. Naye, kwa furaha, bila hata kumuuliza yuko wapi, akajibu, "Radhi zangu zote unazo, baba." Kisha akalala fofofo. Mtaalamu mzima! Simu za watoto wa watu alizichambua neno kwa neno, ya kwake ikampita kama tangazo la redio.

Akapiga. Simu iliita weee, mwishowe ikapokelewa. Nyuma ya Kitinda mpiga debe alikuwa akinadi safari ya mpakani.

"Dada, nina haraka."

"Sijakusamehe."

"Si jana ulisema..."

"Nilisema. Leo nimeghairi. Radhi zangu sikupi."

"Dada, usinifanyie hivyo bwana. Watu wananisubiri."

"Wakusubiri. Nina kinyongo na wewe mpaka hapa kooni. Ukizitaka, njoo uniombe uso kwa uso."

Uongo mtupu. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Alikuwa na hofu, na machozi yalimshuka mpaka kidevuni huku msaidizi akijifanya anatazama dirisha.

"Sema tu umenisamehe," Kitinda alisihi. "Hata kama haitoki moyoni."

"Sisemi."

Mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Injini ikanguruma, ikasogea, ikafifia kabisa. Kitinda alikuwa amebaki kituoni, bado kwenye simu, analia, anaita dada, dada, na yeye hakuitika.