Bomba la Mashua ya Mulongo

Patrobas Shiundu alikuwa fundi wa ekzosi pale Kariobangi, na mwaka 1996 hakuna aliyemshinda kukunja bomba. Ndiyo maana mdogo wake, Mulongo, aliponunua mashua ya abiria kule Sio Port na kutaka kuitia injini ya dizeli, hakutafuta fundi mwingine. Patrobas alisafiri, akaifunga injini, akalipitisha bomba la moshi moja kwa moja hadi nyuma ya mashua, shubiri moja juu ya maji. Waliijaribu wakiwa wawili tu. Ilikwenda vizuri.

Miezi mitatu baadaye Mulongo alipiga simu kwenye duka lililo jirani na karakana ya Patrobas.

"Kaka, oili imegeuka nyeupe kama chai ya maziwa. Na asubuhi injini inakataa kuzunguka, kama imeshikwa."

Patrobas alielewa papo hapo. Mashua ikijaa watu, nyuma huzama na mdomo wa bomba huingia majini. Injini ikiwa inafanya kazi, moshi huyasukuma maji nje. Ikizimwa, wimbi huyaingiza hadi ndani ya silinda, na pistoni haiwezi kubana maji kama inavyobana hewa.

"Kosa ni langu," akasema. "Nililipitisha chini mno. Nitakutengenezea lenye shingo, lipande juu kwanza ndipo lishuke. Mdomoni nitaweka kifuniko cha mpira. Moshi utakifungua, wimbi litakifunga. Wewe fungua nozo zinazopulizia dizeli kwenye silinda, maji yatoke, badilisha oili, na usiingie ziwani. Nakuja Jumamosi."

"Sawa kaka. Nakungoja."

Bomba lilikuwa tayari Alhamisi. Ijumaa, Abdimajid, mteja wake wa miaka mingi kutoka Eastleigh, akaleta malori mawili aliyotaka yawe barabarani Jumatatu. Patrobas alilitazama bomba lililoegemezwa ukutani, akajiambia kwamba wiki moja haitaharibu kitu. Hakupiga simu. Mulongo angeelewa.

Jumatano mchana mkewe, Khalayi, alifika karakana kutoka nyumbani kwao Dandora.

"Baba Vivian, weka hiyo mashine chini."

"Kuna nini?"

"Mulongo."

Kwenye kisiwa kimoja ziwani kulikuwa na mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku mbili. Jamaa zake walimwendea Mulongo akakataa, wakarudi akakataa tena, na mara ya tatu akawasha injini. Wakati wa kurudi naye, magugu maji yaliisonga rafadha. Alizima injini ayatoe kwa mkono, mawimbi yakimpiga kutoka nyuma. Alipojaribu kuiwasha tena, haikuzunguka. Upepo uliigeuza mashua ubavu, ikajaa maji. Wavuvi walimwokoa yule mama na dadake, wameshikilia mtungi mtupu wa mafuta. Mulongo alikuwa amewapa wao mtungi huo, yeye akazama.

Patrobas alisafiri na bomba mapajani. Siku ya pili baada ya mazishi, mjane wa Mulongo, Lorine, alimkuta nyuma ya nyumba.

"Shemeji, alisema ungekuja Jumamosi."

Angeweza kutaja malori. "Ningekuja," akasema. "Bomba lilikuwa tayari. Nilikawia kwa kazi ya mtu."

"Alikaa kituoni siku nzima," Lorine akasema. "Kila basi lililoingia, alisimama."

Kesho yake Lorine alimwambia alifunge lile bomba jipya. Wavuvi walikuwa wameivuta mashua hadi nchi kavu, na Wekulo, kakake Lorine, angeiendesha, kwa kuwa watoto walihitaji kula. Patrobas alitumia siku nne kuifungua injini, kuisafisha na kuikausha. Kisha wakapakia watu kumi na wawili, wakaingia ziwani, wakazima injini na kuuelekeza mkia wa mashua kwenye mawimbi. Wakakaa hivyo saa nzima.

Patrobas akalifungua bomba pale linapoungana na injini, akatia kidole ndani. Kulikuwa kukavu kabisa.

"Imefaulu, fundi," Wekulo akasema.

Bomba lilipofungwa tena na injini ikawaka, Patrobas akainama juu yake na kulia, watu wote kumi na wawili wakimtazama, mpaka walipofika ufukweni. Lorine alikuwa amesimama pale. Alimwekea beseni la maji na sabuni anawe oili mikononi, kisha akaondoka.