Emery Iko mu Njia

Hapana, haikukufa mara moja, ile carte. Carte graphique, ile ya kuleta picha ku écran ya ordinateur, haikufake kama kuku. Inaanza na kugonjwa: écran inatetemeka, kiisha inapata mistari, kiisha ba carreaux, miraba-miraba ya rangi-rangi, violet na vert, sawa kitenge yenye balichapa mubaya. Njo inazimika. Na ile ya Emery ilikuwa na sababu ya kugonjwa, juu ilikuwa inabeba muntu. Ngoja, tutafika.

Mangaribi yenye mambo ilianza, mama yake Marceline alikuwa anasimama mu cuisine ya nyumba yabo ya Bel-Air, anakula bukari na majani ya sombe pembeni ya mbabula ya makala, sahani mu mukono. Bwana yake Godefroid alikuwa anakula pa mulango. Binti yabo Abigaëlle alikuwa anakula anaegamia frigo. Biti bilikuwa pa meza, bizuri, na hakuna muntu wa kubiikalia.

Hortense, jirani, muntu wa hapa hapa Katanga, alipita kuomba chumvi, ata kama alikuwa nayo kwake. Alikuwa anataka paka kuona tu.

— Nyie, bandugu yetu ya Kivu, anasema, munakula sawa bangombe. Ata ngombe inalalaka, ikishiba.

— Mutoto iko mu njia, Mama Hortense, anajibu Marceline.

Na ilikuwa vile. Ile sheria ilitoka kwa baba ya Godefroid, kule Butembo, wakati familia ilikuwa na camion moja tu na mafranga ya kununua ingine haiko. Kama muntu wa nyumba iko mu njia na hajafika, hakuna kuikala pa meza. Chauffeur akifika, anatuma neno, bote banavuta biti, banakula. Godefroid alikuya nayo Lubumbashi pamoja na biashara ya maharagi. Zamani kusimama kulikuwa kwa siku mbili tatu, na kulikuwa na kicheko ndani.

Lakini vita iliingia Goma, na Emery, mutoto yabo ya kwanza, alikuwa kule anasoma. Alituma message moja: «Natoka. Nakuya nyumba.» Kiisha simu yake haikuita tena. Avion haikuruka. Banque zilifunga. Camion za Godefroid zilibakia kule, haijulikane nani iko anaziendesha. Hapa alibakia na moja, na dépôt ya maharagi iko na panya tu. Alienda ku bureau moja, balimuambia angojee. Alienda ku ingine, balimuambia aandike majina, akaandika, balimuambia angojee. Donc Emery alikuwa mu njia. Mvua ilikuya, mvua ikaisha, baridi ya mwezi wa sita ikakuya, na nyumba ilikuwa ingali inasimama.

Marceline magulu ilikuwa inavimba. Kila mangaribi alikuwa anapika sahani moja ya zaidi, anaifunika.

Bon. Ile ordi, Emery aliiacha ku ma vacances ya mwisho. Ordi portable ya zamani, ya kucheza ba jeux, nzito sawa tofali, ventilateur yake inalia sawa moulin ya mahindi. Abigaëlle akaiwasha atafute picha ya kaka yake. Akafungua jeu ya kuendesha ba camion, ile Emery alipenda zaidi, juu alikuwa anasema atakuwa chauffeur kumushinda babu yake.

Njia yenye ilionekana haikuwa ya jeu. Ilikuwa barabara na mawe nyeusi ya volcan pembeni, na bamama banabeba matelas ku kichwa. Pembeni, Emery alikuwa anatembea, bega ya kushoto chini kidogo, vile anatembeaka tangu utoto.

Godefroid akavaa lunettes.

— Iko anapita Sake, inje ya Goma, anasema.

— Na babouche ku magulu, anasema Marceline. Nilimununulia viatu.

Akanyoosha mukono, akagusa écran na kidole, akakuta iko moto. Akapangusa vumbi. Ilikuwa vumbi nyeusi ya Goma, ventilateur ilikuwa inaitosha inje kwa pembeni. Abigaëlle akakamata fagio.

Kutoka ile siku balikuwa banamuangalia kwa zamu. Haikuwa kazi nguvu. Emery hakugeuza kichwa, hakusema. Alikuwa anatembea paka. Marceline alikuwa anachambua maharagi mbele yake, anamuambia habari za nyumba: maji ilikatika, Abigaëlle anataka kusuka mistari mukubwa, papa yako anakooa. Karibu na Minova mistari ikaanza, kiisha ba carreaux, kiisha écran ikazimika. Bakaiacha ipoe. Balipoiwasha, Emery alikuwa pale pale, mugulu moja mbele, mukono moja juu, sawa picha. Akaanza tena kutembea.

Njo balijua. Machine ikizimika, mutoto anasimama. Carte ikikufa, atabakia pale.

Godefroid akabeba ordi kwa Donat, fundi mwenye kibanda karibu na arrêt ya bus, mule mule Bel-Air. Donat akafungua, akapuliza, akakuta pâte ya kupoza carte imekauka sawa udongo, na mawe mudogo nyeusi mu ventilateur.

— Carte imechoka, papa. Una bahati, hii ni ya zamani, inatokaka yenyewe. Nakuwa na chaguo mbili. Naichoma na upepo ya moto, soudure ikamatane tena, itatembea kidogo, sijui mpaka wapi. Ao naitosha inje, naweka ingine. Niko nayo, nzuri, ya machine yenye ilimwangikiwa maji.

Sasa sikia. Godefroid ni muntu wa transport. Muntu wa transport hatumi camion mu njia mbali na tairi ya kiraka. Anaweza kukosa kula, pneu ataweka mupya. Na hapa ilikuwa mutoto yake. Hakuwaza mara mbili.

— Weka ingine, anasema. Ya nguvu.

Akarudia nyumba na roho nyepesi. Bakaweka ordi pa buffet, bakaiwasha. Picha ilikuwa safi, hakuna mistari, hakuna kulia. Njia ya lami ikatokea, milaini, na theluji pembeni, na ba camion za rangi zinafuatana, na hakuna muntu hata moja anatembea ku miguu.

Marceline akashika meza na mikono mbili. Kiti kilikuwa nyuma yake kabisa, hakukikalia.

— Baba Emery, anasema polepole. Ulimutosha mutoto mu njia.

— Nilimuwekea pneu mupya, Mama.

— Najua. Enda umurudishe.

Marceline akaenda naye. Donat akakuna kichwa: ile carte ya zamani aliitupa mu sac ya mitraille, ya byuma bya kutupa, na Kangwa alishaibeba sasa hivi. Kangwa ni muntu wa Kambove, anapitaka kwa bafundi kuokota bintu bya kukufa, nyuzi na ba carte, juu kule Kambove, muji ya mines, bamezoea kutafuta kuivre, shaba, ata mu mifuko ya bantu ya kukufa. Bakamukuta ku parking, anagombana na chauffeur ya bus.

— Anasema sac yangu inachoma siège! Kangwa analia. Ni mitraille, papa, mitraille inachoma namna gani?

Marceline akaweka mukono juu ya sac. Ilikuwa moto pembeni moja, sawa mwili ya mutoto mwenye homa. Akafungua, akatosha carte bila kutafuta. Vumbi nyeusi ikamwangikia ku kitenge.

— Chukueni, anasema Kangwa, na ile vumbi yenu muchukue. Ilichafua kuivre yangu yote.

Donat akachoma carte na upepo ya moto, polepole, anageuza sawa muntu anachoma mukate. Akaweka pâte mupya. Akasema neno moja:

— Musiizime tena. Ikipoa, itapasuka. Itaenda mpaka itaenda.

Emery alikuwa pale bamemuacha, mukono juu. Akaushusha, akatembea.

Nyumba yote ikakuwa ya ile machine. Baliiweka juu ya matofali mbili, chini ipite hewa. Courant ilikuwa inakatika kila mara, donc Godefroid akatosha batterie ya camion yake ya mwisho, akaileta mu salon, akaunganisha nyuzi. Camion ikabakia kiwete mu lupango ya nyumba. Hortense, mwenye alibaita bangombe, akakuya na kipepeo chake cha mbabula, akapepea machine sawa anapepea makala, anamukaripia Emery mu écran:

— Tembea, weye! Mama yako magulu iko sawa mihogo!

Upepo wa ventilateur ukabadilika. Ulinuka ziwa. Kiisha ulinuka samaki ya kukausha, na Godefroid akasema: Kalemie. Ku Moba mawimbi ya ziwa ilirusha matone mu ba touches ya machine, bakaweka kitambaa. Pweto. Kasenga, na ile mutoni mupana. Na kadiri Emery alikuwa anakaribia, ba carreaux ilikuwa inaongezeka, na Marceline akaona kintu ingine: nyuma yake hakuwa peke yake. Kulikuwa na bantu, mustari murefu, bavijana mingi, bamama, muzee moja na radio ku bega. Hakuna mwenye alikuwa anachoka.

— Bale ni banani? anauliza Abigaëlle.

— Ni bantu ya njia, anasema papa yake.

Siku ya mwisho écran ilikuwa ba carreaux paka. Katikati ilibakia bega moja, ya kushoto, chini kidogo. Nyuma ya bega baliona mashamba ya mahindi ya Annexe, pembeni ya muji, majani kavu. Kiisha ukuta ya voisin. Kiisha portail yabo, ya bleu, na kutu pale chini. Jua ilikuwa inaanguka. Marceline alikuwa amesonga bukari. Akaacha mwiko mu sufuria, akaenda kufungua.

Emery alikuwa pale na babouche moja.

— Mama, anasema. Nilichelewa.

— Ingia. Chakula iko moto.

Akaingia. Kivuli chake pa chini, ku ciment, kilikuwa cha ba carreaux, violet na vert. Abigaëlle akaleta bassin ya kunawa. Maji ikakuwa nyeusi, akamwaga, akaleta ingine, ikakuwa nyeusi tena. Ku shati yake, pale kifuani, kulikuwa katundu kadogo ka risasi, kavu. Marceline akakaweka kidole, sawa muntu anaangalia kama kitambaa kinaweza kushonwa.

— Ni lini? anauliza.

— Ile siku ya message, mama. Nilikuwa nimeshafunga sac, nikaenda kuchota maji ya njia. Balituzika bengi pamoja. Habakuandika majina. Kuchelewa, ni kutembea njo kulichelewesha.

Mu nyumba ya Hortense radio ilikuwa inasoma habari: mu muji ya Goma kuko kimya, bantu barudilie kazi, mambo iko inaangaliwa. Hortense akasema kwa sauti, juu ya ukuta, bazime ile radio, na mutoto moja wa kwake akazima.

Godefroid akakooa. Alikuwa anaangalia mutoto, kiisha machine, vile carte ilikuwa inalia, moshi kidogo inatoka pa kona. Ni muntu wa transport: camion ikifika, moteur inazimwa. Akanyoosha mukono.

— Papa, acha, anasema Emery. Kuko bengine nyuma.

Mu écran, kati ya ba carreaux, ule mustari ulikuwa ungali unapita. Muzee na radio yake alikuwa anafika Kasenga.

Godefroid akarudisha mukono. Akabakia anasimama.

— Sasa tutaikala namna gani, anasema, kama bantu beko mu njia?

— Bale beko na bamama yabo, papa, kila muntu na portail yake. Mi nilifika. Ikaleni. Nilitembea yote ile nione munaikala.

Abigaëlle akakaza nyuzi ya batterie. Hortense akavuta machine mpaka karibu ya meza, akaweka kipepeo mu mukono wa kushoto, wa kuume autumie kukula. Abigaëlle akaleta bukari, sombe, na samaki mudogo ya kukaanga. Marceline akafunua ile sahani ya zaidi, akaiweka pa nafasi yake.

Emery akaikala. Godefroid akaikala, na kiti kikalia, juu kilikuwa kimesahau. Abigaëlle. Hortense, anapepea.

Marceline alibakia wa mwisho, mukono ku mugongo ya kiti. Akaangalia écran mara moja ingine, sawa muntu anaangalia kama mulango haukufungwa. Kiisha akavuta kiti, akakunja magoti polepole, akaikala, akamukatia mutoto yake bukari.