Ndege wa Sura ya Sitini na Tisa

Pale forodhani kila kitu cha udongo kilipita kwanza kwenye ulimi wake, ndiyo maana wenzake wakamwita Bi Ulimi. Si kwamba alikuwa msemaji. Maskini, huyo hata salamu aliitoa kwa mkopo. Jina lilitokana na kazi. Kitabu cha ushuru kinataka kujua kama kikombe ni cha kauri ngumu au cha udongo wa kawaida, na mashine ya kupimia ilikuwa mbovu, kama ilivyo desturi ya mashine za ofisi. Basi yeye aligusisha ncha ya ulimi mahali palipovunjika. Ulimi ukiteleza, hiyo ni kauri ngumu. Ukinata, huo ni udongo wenye kiu. Kila aina na msimbo wake, kila msimbo na ushuru wake.

Siku moja wakaletewa ndege. Kontena zima la ndege wadogo wa udongo, wa kupamba kabati, hawana rangi, wamejilaza ndani ya nyasi kavu kana kwamba wamepitiwa na usingizi. Wakala wa mwenye mzigo alikuwa ameandika kwamba ni mapambo ya kauri, sura ya sitini na tisa ya kitabu cha ushuru. Lakini sura hiyo ni ya vitu vilivyofinyangwa kisha vikachomwa tanurini. Kilichokaushwa juani tu hutafutiwa sura nyingine. Bi Ulimi akamgonga ndege mmoja kwa ukucha. Hakutoa mlio. Akamvunja ncha ya bawa, akaiweka ulimini.

Ikanata. Halafu ikayeyuka.

Harufu ya vumbi lililopigwa na matone ya kwanza ya mvua ikampanda puani, na ghala lote, na makontena yake na winchi zake, likawa kama linaelea. Alisimama amefumba macho. Alipoyafumbua, ulimi ulikuwa mtupu, na mate yalikuwa yanamjaa kinywani kwa hamu ya kipande kingine.

Alijua maana yake. Mimba ya kwanza aliitangaza kwa shangwe, ukoo mzima ukapiga vigelegele, mawifi wakaleta nguo za mtoto, na mimba ikatoka. Ya pili alimnong'oneza mumewe tu, nayo ikatoka. Akajiwekea sheria kwamba hii ya tatu hataitaja kwa mtu, hata kwa mume, hata kwa ukuta. Kinachotajwa huondoka. Ndivyo alivyoamini, na usimcheke, kwa maana hofu haijasoma shule yoyote.

Aliandika maoni yake kwamba ndege hawakuchomwa. Wakala akapinga. Shehena ikaachiliwa kwa dhamana, akabaki ndege yule mmoja aliyepungukiwa na ncha ya bawa, ndani ya sanduku la nyasi kwenye rafu ya sampuli, akisubiri kupelekwa maabara.

Alasiri, joto lilipoilevya ofisi na hata mafeni yakaonekana kuzunguka kwa kusinzia, miguu ya Bi Ulimi ilimpeleka ghalani yenyewe. Mtunza ghala, mzee mmoja waliyemwita Baba Funguo, alimfungulia bila kuuliza.

"Umekuja kumwangalia mgonjwa wako, mwanangu?"

"Nakagua tu, baba."

"Kagua, kagua. Mgonjwa hachoki kutembelewa."

Ndani kulikuwa na mwanga wa vumbi. Alimega kidogo tu, chembe ya mkia, mtu hawezi hata kuona. Chembe ikaita chembe. Udongo ulipoyeyuka, alisikia mabawa yakipiga taratibu kati ya rafu, ndege wengi, wakipita juu ya masanduku na kutokea dirishani bila kugusa kioo. Alikuwa na furaha ambayo hakuweza kumgawia mtu. Kesho yake likaliwa bawa la pili, kisha kifua. Kila siku aliapa kwamba leo ndiyo mwisho, na mlevi naye huapa hivyohivyo.

Gari la maabara lilipokuja, ndani ya sanduku kulikuwa na nyasi tupu.

Mkuu wa idara alikuwa mama wa makamo ambaye hasira zilimfanya aongee polepole. Akawaita ofisini Bi Ulimi na mtunza ghala. Baba Funguo alisimama amekunja kofia mkononi.

"Sampuli ikipotea, linabaki neno la wakala," alisema Mama Mkuu. "Ufunguo unao wewe. Na ndege wa udongo haruki."

"Haruki, mama."

"Basi amekwenda wapi? Wakala amekupa nini?"

"Sijapewa kitu, mama. Hata chai yake sijainywa."

"Weka funguo mezani. Nenda nyumbani mpaka nikuite."

Mzee akazifungua mkandani. Funguo zikamponyoka, akainama kuziokota. Alijua nani alikuwa akiingia ghalani kila alasiri. Alimtazama Bi Ulimi mara moja tu, wala si kwa kumlaumu, kisha akaangalia chini, hakumtaja.

Hapo maji yakamfika Bi Ulimi shingoni. Akinyamaza, mtoto anabaki salama, mzee anaangamia. Akisema, itabidi aseme yote. Mkono wake ukaenda tumboni wenyewe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Nimemla mimi," akasema.

"Umemla nani?"

"Ndege, mama. Mzima. Mpaka mdomo."

Mama Mkuu akavua miwani. "Mtu mzima na akili zako, ule udongo wa..." Akakatiza hapo. Akauona ule mkono.

"Nina mimba," alisema Bi Ulimi, kwa sauti yake kamili, na akasubiri sakafu ifunguke.

Haikufunguka. Nje winchi ilikuwa ikiteremsha kontena, na mtu alikuwa akimpigia kelele dereva arudi nyuma.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," Mama Mkuu alisema mwishowe. "Wewe umezidi, umeficha na ndege wa serikali. Haya, kikazi sasa. Alikuwaje mdomoni?"

"Aliyeyuka. Hakuacha hata chenga."

"Kilichopita tanurini hakiyeyuki mdomoni mwa mtu. Andika hivyo, utie sahihi, na wakala akibisha atuletee mwingine, tumwonjeshe yeye. Barua ya onyo utaipata." Akamgeukia mzee, na sauti ikamlainika. "Chukua funguo zako, baba. Nisamehe."

Jioni alimkuta mumewe, fundi seremala, akifagia maranda mlangoni. Hakungoja hata kuvua viatu. Akamwambia.

Mume akaendelea kufagia mahali palepale palipokwisha kuwa safi.

"Najua," akasema. "Siku nyingi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ile ya pili uliniambia mimi peke yangu. Nami nikashindwa kunyamaza, nikamwambia mama yangu. Haikufika hata wiki." Ufagio ukasimama. "Siku zote nimejua kwamba ni mimi niliyeitoa. Safari hii nikasema, nikiona nisione."

Bi Ulimi alimtazama yule mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja akiwa na hofu ileile, kila mmoja na yake, wamepeana migongo. Akamwonea huruma, akajionea huruma. Akamshika mkono uliojaa maranda.

"Si wewe," akasema. "Wala si mimi. Leo nimeitaja ofisini, mbele ya watu, na bado ipo."

"Itaje tena."

Akaitaja tena, kwa sauti, mlango ukiwa wazi na majirani wakipita.