Anayeshona Nyuma Yangu

Wiki ya kwanza chaneli yangu ilikuwa na watazamaji wanne. Mmoja ni mimi. Wa pili ni mdogo wangu wa kiume, fundi simu, aliyeifungua video na kuiacha iende yenyewe huku akibadilisha kioo cha simu ya mtu. Wa tatu ni mteja niliyemsimamia mpaka akabonyeza. Wa nne sijamjua hadi leo, na nilimpenda kuliko wote.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kina dirisha moja linalotazama barabara, meza ya kukatia, kioo cha wateja chenye ufa pembeni, na cherehani mbili. Yangu ni ya umeme, iko mbele karibu na dirisha. Ile ya nyuma, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, ni ya Mama. Alipofariki, mdogo wangu aliuvua mkanda wake, ule wa ngozi unaozungusha gurudumu, maana ulikuwa umeanza kukatika, akautundika kwenye msumari ukutani. Bila mkanda, cherehani ya miguu haishoni kitu. Unaweza kukanyaga mpaka magoti yaume na sindano isishuke. Haya nayasema mapema nisije nikaambiwa natia chumvi.

Mama alifundisha ushonaji katika chumba hichohicho kwa miaka mingi. Wanafunzi walimwita Mama Rudia, kwa kuwa neno hilo lilimtoka kuliko salamu. Kola imekaa vizuri kabisa, yeye anaitazama, anachukua wembe, anaifumua, anakurudishia. Rudia. Hakuwa na cheti cha kumpa mtu, na hakuwahi kumtamkia mtu kwamba ameiva. Alikuwa na njia yake. Siku moja, bila taarifa, unashona zako, unasikia cherehani ya nyuma imeanza. Mama amechukua kipande cha kitambaa kilekile na anashona mshono uleule unaoushona wewe, kwa mwendo wako. Ukienda anakwenda, ukisimama anasimama. Kwa mara ya kwanza wewe ndiye unayeongoza. Mkimaliza anakata uzi kwa mkasi, anarudi kwenye kazi zake, nawe unajua umehitimu. Niliona watu wazima wakilia wameshika suruali isiyo na zipu.

Mimi nilikaa naye miaka kumi na mmoja, na cherehani ya nyuma haikunifuata hata siku moja.

Tuligombana juu ya jambo lilelile mpaka mwisho. Mwisho wa mshono, fundi hurudi nyuma kidogo ili uzi usifumuke. Mama alirudi mishono mitatu. Cherehani yake haina kitufe cha kurudi nyuma, kwa hiyo alikuwa anasimama, ananyanyua ule mguu mdogo wa chuma unaobana kitambaa, anakivuta kitambaa, anaushusha mguu, tak, halafu anazungusha gurudumu kwa mkono: moja, mbili, tatu. Mimi nilirudi miwili. Miwili inatosha, na nguo zangu hazijawahi kufumuka.

"Miwili ni ya mtu mwenye haraka," alikuwa akisema. "Una haraka ya kwenda wapi?"

Wiki aliyougua nilimjibu vibaya. Nilimwambia ipo siku maelfu ya watu watajifunza kwangu, na hakuna hata mmoja atakayehesabu mishono. Akageukia ukutani. Akafa tukiwa hatujasemezana vizuri.

Kwa hiyo nilipofungua chaneli sikutafuta umaarufu. Niliwatafuta hao maelfu. Nilitaka waniambie kile ambacho mama yangu alikataa kuniambia.

Mdogo wangu alikuwa na mashauri tele. Niongee haraka. Nisizidishe dakika nane. Picha ya mwanzo ionyeshe uso wangu umeshangaa.

"Nishangae nini? Hii ni zipu."

"We shangaa tu, dada. Watu wanapenda kushangaa pamoja na mtu."

Nikashangaa zipu. Nikashangaa pindo la sketi. Nikashangaa mfuko wa suruali mpaka taya zikauma. Tukafika watazamaji thelathini na sita, na mdogo wangu akasema tumeanza kuchangamka.

Video ya tano ilikuwa ya kola ya shati. Niliirekodi Jumamosi, saa nne asubuhi, dirisha nimelifunga kwa ajili ya makelele ya barabarani. Niko peke yangu. Jirani yangu wa kulia ni kinyozi, wa kushoto anauza rangi za nyumba. Siku ya pili nikakuta maoni ya mtu nisiyemjua: "Somo zuri, ila huyo anayeshona nyuma yako anasumbua. Mwambie asubiri umalize."

Nikadhani amechanganya video. Halafu akaja mwingine: "Hiyo ni cherehani ya miguu. Bibi yangu alikuwa nayo."

Nikavaa hedifoni. Chini ya mngurumo wa cherehani yangu kulikuwa na mlio mwingine, wa kukanyagwa, wa taratibu. Nikajiona kwenye kioo cha simu nikifika mwisho wa mshono, nikirudi miwili, nikiacha. Kimya kidogo. Halafu nyuma yangu: tak. Moja, mbili, tatu.

Niligeuka. Mkanda ulikuwa palepale msumarini. Vumbi juu ya ile cherehani lilikuwa limelala halijaguswa. Chumbani hapakuwa na sauti yoyote, na hata siku ile ya kurekodi sikuwa nimesikia kitu. Sauti ilikuwa ndani ya video tu.

Nililia, sitadanganya. Lakini machozi yalipokauka, nilichobaki nacho ni hasira. Hata huko aliko hajaniacha. Mimi nimerudi miwili, yeye kanirudishia mitatu, mbele za watu. Nilisikia kabisa: rudia.

Nilimwita mdogo wangu. Alianza kusikiliza amesimama, akamaliza amekaa chini kwenye vipande vya kitambaa.

"Ni yeye," akasema.

Akasikiliza mara ya pili na ya tatu. Alasiri akarudi, akawa anazungukazunguka kama mtu aliyetumwa kudai.

"Dada, usinielewe vibaya."

"Sema."

"Watu wanairudia hiyo sehemu ya mwisho. Inaonekana hapa, tazama. Tukibadilisha kichwa cha video, nikaikuza na sauti ya nyuma, hii inakwenda mbali." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Au tuiache?"

Alitaka nimwambie tuiache. Nililiona hilo usoni mwake, kwa hiyo lawama siwezi kumtupia.

"Andika," nikamwambia.

Tukaandika kwa herufi kubwa: SIKILIZA CHEREHANI YA MAREHEMU. Siku mbili, watazamaji elfu tisa. Wiki moja, elfu sitini. Hakuna aliyeuliza habari za kola. Waliandika kwamba nywele zimewasimama, kwamba wamesikiliza na watoto wakakataa kuingia chumbani, kwamba nimwulize mama anataka nini. Wengine walicheka tu. Nilisoma maoni yote tangu asubuhi, birika likaungua jikoni, na nilifurahi. Lazima niseme kweli. Nilifurahi sana.

Video ya sita ilikuwa kimya. Ya saba kimya. Nilisogeza meza, nikafungua dirisha, nikalifunga. Kisha nikaanza kukosea makusudi. Nilirudi mshono mmoja, nikaacha kurudi kabisa, nikapachika mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia, ili nimpandishe hasira aje. Nilimwita mama yangu kwa makosa kutwa nzima. Nikisikiliza kwenye simu, ni mimi peke yangu na mngurumo wangu.

Watazamaji walianza kulalamika. "Mama yuko wapi?" "Tulijiunga kwa ajili yake, si kwa ajili yako." Hilo la pili lilipendwa na watu mia nne.

Basi nikautoa mkanda msumarini. Nikaushona pale ulipokuwa unakatika, nikauvisha, nikafuta vumbi, nikakaa kwenye kiti cha Mama kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Mto wake bado ulikuwa na shimo la mtu mwembamba. Niliweka kitambaa cha kweli, kwa sababu cherehani tupu hulia tofauti, na fundi yeyote angetugundua. Nikakanyaga kwa mwendo wake, taratibu. Kila mwisho wa mshono nikasimama, nikanyanyua mguu, nikavuta, nikashusha, tak. Mdogo wangu akairekodi sauti na kuipachika chini ya video ya nane. Muda wote huo hakunitazama.

Video ya nane ilipita zote.

Siku ya tatu nikapigiwa simu na Dada Vidole. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Mama zamani, alipewa jina hilo kwa sababu wiki yake ya kwanza alijishona vidole viwili kwa mpigo. Siku hizi ana chumba chake na wanafunzi wake.

"Mdogo wangu, nimeitazama hiyo ya nane," akasema baada ya salamu. "Yule si Mama."

Nikaweka mkasi mezani.

"Ni wewe. Umerudi miwili."

Niliutazama mkono wangu wa kulia. Naapa nilidhani nimerudi mitatu. Kiti kilikuwa cha Mama, mwendo wa Mama, lakini mkono ulikuwa na kitambaa cha kweli na ukafanya ulichozoea.

"Haya, umenikamata. Sasa utaenda kunitangaza?"

"Nikutangaze kwa nani? Mimi nilitaka kukupigia tangu ile ya tano, nikupe hongera. Nikasema ngoja, atanipigia mwenyewe."

"Hongera ya watazamaji?"

"Watazamaji gani tena? Kwani wewe hukuisikiliza?"

"Nimeisikiliza mpaka nimechoka. Ananisahihisha, kama kawaida yake."

"Unasikiliza mwisho tu. Itafute ile ya mwanzo, kabla hamjaichezea. Itazame mikono yako, usikie na yeye. Halafu usinipigie leo, nipigie ukishatulia."

Mdogo wangu alikuwa bado nayo kwenye kompyuta yake. Niliitazama dukani kwake, kati ya betri na vioo vilivyovunjika. Mikono yangu inaingiza kola chini ya sindano, naanza. Nyuma yangu cherehani inaanza, nusu pumzi baada yangu. Nafika kwenye kona, napunguza mwendo. Inapunguza. Nasimama kugeuza kitambaa, inasimama, inangoja. Nakwenda, inakwenda. Hakunitangulia hata mara moja. Nikarudi miwili yangu. Yeye akafunga kwa mitatu yake, kama alivyowafungia wote. Na baada ya hapo, chini sana, sauti ambayo sikuwahi kutulia nikaisikia, ya mkasi ukikata uzi.

Alikuwa ananifuata. Nilisubiri jambo hilo miaka kumi na mmoja, na lilipokuja nikalidhania makemeo, nikaliandikia MAREHEMU kwa herufi kubwa nikawapa watu wasiomjua walichekee. Kisha nikakaa kwenye kiti chake nikajifanya yeye.

Mdogo wangu aliniuliza kama nataka maji. Nikairudisha video mwanzo.

Nilipompigia Dada Vidole, kesho yake, nilimwuliza kitu kimoja tu.

"Atarudi?"

"Hakuna aliyefuatwa mara mbili, mdogo wangu. Unajua hivyo. Akishakata uzi anarudi kwenye kazi zake." Nilimsikia akivuta pumzi. "Usimngoje."

Niliifuta video ya nane. Nikakaa mbele ya kamera, safari hii bila kushangaa, nikawaambia watu nilichofanya. Walinitukana siku nne, kisha wakaondoka kwa maelfu. Ya tano tuliipandisha upya kama ilivyokuwa mwanzo, sauti haijakuzwa, na kichwa chake ni "Kola ya shati". Mkanda nikaurudisha msumarini. Sasa narudi mishono mitatu. Inachelewesha kazi kweli, na sina haraka ya kwenda popote.

Jana asubuhi mdogo wangu alikuja mbio na simu yake mkononi.

"Dada, ya tano imeanza kupanda tena. Polepole, lakini kila siku. Juzi imetazamwa mara thelathini, jana arobaini. Na si watu wa kupita hawa, wanatazama mpaka mwisho kabisa, mpaka kwenye mkasi. Sasa ndiyo umepata watu wa kweli."

Nikamshukuru. Alikwenda kazini kwake anapiga mluzi, sikutaka kumharibia siku. Nikafunga mlango, nikavaa hedifoni, nikabonyeza. Wale arobaini wote ni mimi.